Gari la juu au la chini? Mfanyabiashara wa mpakani aanze na daftari

Katika maegesho ya Namanga, Busia au Mutukula, magari ya wafanyabiashara wadogo hugawanyika katika makundi mawili. Kuna magari ya chini: Toyota IST, Fielder, Premio na Probox. Kisha kuna magari ya juu, maarufu kwa jina la SUV: RAV4, Vanguard, X-Trail, Harrier na Forester. Kwa wengi, kuhama kutoka kundi la kwanza kwenda la pili ni ishara kwamba biashara imekua.

Mvuto huo si wa Afrika Mashariki peke yake. Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati (IEA), magari ya aina ya SUV yalichukua asilimia 48 ya mauzo yote ya magari duniani mwaka 2023. Shirika hilo pia linaeleza kuwa gari la aina hiyo huwa na uzito wa kilo 200 hadi 300 zaidi ya gari la kawaida la ukubwa wa kati. Kwa kuwa magari mengi yanayouzwa ukanda huu ni mitumba kutoka Japani, kinachonunuliwa kipya huko leo ndicho kitakachoteremshwa Dar es Salaam na Mombasa miaka michache ijayo. Magari ya juu yataongezeka sokoni, na wafanyabiashara wengi zaidi watalazimika kuchagua.

Kwa mtumishi anayelipwa mshahara, uchaguzi huo ni wa starehe na uwezo. Kwa mfanyabiashara ni suala jingine kabisa, kwa sababu fedha ya gari na fedha ya mzigo hutoka mfuko mmoja. Kila shilingi au faranga inayoongezwa kwenye bei ya gari ni bidhaa ambayo haikununuliwa.

Lami yote, hofu ya matope

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Arusha anayekwenda Nairobi mara moja kwa wiki kupitia Namanga. Safari hiyo ni takribani kilomita 270 kwenda, na barabara ni ya lami mwanzo hadi mwisho. Kwenda, kurudi na kuzunguka mjini kunafikisha kama kilomita 550.

Tuseme gari la chini lenye injini ya cc 1,500 linakwenda kilomita 14 kwa lita moja katika barabara kuu, na gari la juu la cc 2,400 linakwenda kilomita 10. La kwanza litatumia karibu lita 39 kwa safari, la pili lita 55. Tofauti ni lita 16. Kwa safari 48 za mwaka, hizo ni lita 768.

Kiasi hicho kila mmoja anaweza kukizidisha kwa bei ya nchi yake. Nchini Tanzania, EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Nchini Kenya, EPRA hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi. Uganda haina bei elekezi ya serikali, hivyo vituo hushindana. Bei yoyote itakayotumika, jibu litakuwa sehemu ya mtaji wa mzunguko, na hapo tairi za rimu kubwa na shokapu za gari zito bado hazijahesabiwa.

Swali la msingi ni hili: lita hizo 768 zimenunua nini? Kama njia yote ni lami, zimenunua nafasi ya kukaa juu, utulivu kwenye matuta na heshima mbele ya wateja. Heshima hiyo si jambo la kubeza. Wapo wauzaji wa jumla wanaompa mtu mali kwa mkopo kutokana na anavyoonekana. Lakini mkopo hulipwa kwa faida, na faida ndiyo inayopungua kila gari linapoingia kituo cha mafuta.

Kodi hutazama injini na umri

Tofauti ya pili huanza kabla gari halijatoka bandarini. Nchini Tanzania, ushuru wa bidhaa kwa magari ya abiria hupanda kwa hatua kulingana na ukubwa wa injini, na mipaka inayojulikana ni cc 1,000 na cc 2,000. Gari lenye umri wa miaka minane au zaidi hubeba ushuru wa ziada kwa ajili ya uchakavu. Nchini Kenya, mstari unaoangaliwa na wanunuzi wengi ni cc 1,500.

Ndiyo maana namba ndogo kwenye kadi ya gari zina uzito. X-Trail yenye injini ya cc 1,997 iko chini ya mstari wa cc 2,000, wakati Vanguard ya cc 2,362 iko juu yake, ingawa kwa macho magari hayo mawili yanakaribiana. Fielder ya cc 1,496 inapita chini ya mstari wa Kenya kwa tofauti ya cc nne tu. Anayeamua kununua gari la juu anaweza kupunguza mzigo wa kodi kwa kuchagua injini, si umbo pekee.

Umri nao hutofautiana kwa nchi. Kenya hairuhusu kuingiza na kusajili gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 kuzuia magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Tanzania haina katazo la namna hiyo, bali huongeza ushuru. Matokeo yake ni kwamba gari la juu la miaka 12 lililonunuliwa kwa bei nafuu Dar es Salaam haliwezi kuhamishiwa Nairobi likasajiliwe huko. Anayelitazama gari kama akiba ya kuuza siku mambo yakiwa magumu akumbuke kuwa soko la akiba hiyo linaishia mpakani. Viwango hivi hupitiwa kila bajeti za Juni zinaposomwa, hivyo ni busara kumuuliza wakala wa forodha kabla ya kuagiza gari.

Mzigo na kikomo cha dola 2,000

Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba gari la juu hubeba zaidi. Hapo hesabu inahitaji utulivu.

Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo anaweza kuvusha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani kwa shehena, kwa cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa mpakani, bila kulipa ushuru wa forodha. Utaratibu huo hauondoi kodi nyingine za ndani wala vibali vya afya ya mimea na ubora.

Kwa anayebeba bidhaa nyepesi zenye thamani, kama viatu vya ngozi au vipodozi vilivyotengenezwa ndani ya Jumuiya, kikomo cha dola 2,000 hufikiwa kabla buti halijajaa. Ukubwa wa gari haumwongezei kitu. Kwa anayebeba mahindi, mchele au maharage, hali ni kinyume: hakuna kati ya magari hayo mawili linalotosha, na mwenye hesabu atakodi nafasi kwenye Canter au Fuso. Wanaobaki katikati ndio wanaohitaji nafasi kweli, na kwao mshindani wa gari la juu si gari la saluni bali Probox. Gari hilo lilitengenezwa Japani kama gari la kazi, na toleo lake la kwanza la mizigo liliruhusiwa kubeba hadi kilo 400 likiwa na watu wawili.

Probox ina faida nyingine kwa msafiri wa mbali. Injini ya 1NZ ya cc 1,496 iliyomo kwenye baadhi ya matoleo yake imetumika pia kwenye IST, Fielder na Raum. Spea zake na mafundi wanaoijua hupatikana katika miji mingi ya ukanda huu. Gari linaloharibika mbali na nyumbani hupimwa kwa siku lililokaa gereji.

Juu si sawa na kuvuta magurudumu manne

Hata hivyo, zipo njia ambako gari la chini ni hasara. Anayefuata vitunguu au nyanya shambani wakati wa masika hawezi kusubiri barabara ikauke, kwa sababu nyanya hazisubiri. IST ina nafasi ya takribani sentimita 15 kati ya tumbo la gari na ardhi, na magari mengi ya juu yana kati ya sentimita 19 na 22. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama sampu itagonga jiwe au itapita.

Lakini kupita juu ya jiwe ni jambo moja, na kutoka kwenye matope ni jambo jingine. Baadhi ya RAV4, X-Trail na Harrier zilizouzwa Japani ni za kuvuta magurudumu mawili tu. Katika udongo mweusi wa mbuga, gari la namna hiyo lenye tairi za lami hukwama kama IST, tofauti ikiwa ni kwamba kulisukuma kunahitaji watu zaidi. Anayenunua kwa sababu ya matope athibitishe kwenye nyaraka na chini ya gari, kwa kumpeleka fundi aangalie kama difu ya nyuma ipo.

Usalama nao una pande mbili. Gari la juu humpa dereva nafasi ya kuona mbali, lakini kitovu chake cha uzito kiko juu zaidi, na mzigo unapofungwa kwenye keria hatari ya kupinduka kwenye kona huongezeka. Aidha, anayevuka Rusumo kuingia Rwanda au Kabanga kuingia Burundi huhamia kuendesha upande wa kulia huku usukani wake ukiwa kulia vilevile. Hapo kukaa juu hakumsaidii kuona mbele ya lori analotaka kulipita.

Bima inayovuka na isiyovuka

Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitumia ingawa si mwanachama wa jumuiya hiyo, hulipia madhara kwa mtu wa tatu na matibabu ya waliomo ndani ya gari katika nchi nyingine. Hailipi gari la mwenye kadi. Gari likigongwa au kuibwa ng'ambo ya mpaka, anayelipwa ni yule tu ambaye bima yake kubwa imeongezewa eneo hilo kwa maandishi. Kadiri gari lilivyo la bei kubwa, ndivyo pengo hilo linavyokuwa kubwa. Na bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi inaweza kukataa dai iwapo gari lilikuwa na shehena ya biashara.

Hesabu ya kufanya kabla ya kulipa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwenye kufikiria kubadili gari, miezi mitatu ya kuandika inatosha kutoa picha: kilomita za lami, kilomita za vumbi, uzito wa mzigo, thamani yake, na safari zilizokwama pamoja na hasara ya kila moja. Ni vyema miezi hiyo iguse msimu wa mvua.

Kisha hasara ya safari zilizokwama, ikikadiriwa kwa mwaka mzima, iwekwe upande mmoja, na gharama ya ziada ya gari la juu upande wa pili: mafuta, tairi, bima na faida ambayo tofauti ya bei ingezalisha kama ingebaki kwenye bidhaa. Hasara ya kukwama ikizidi, gari la juu lenye kuvuta magurudumu manne ni kitendea kazi na litajilipa. Ikiwa ndogo, ni nafuu kubaki na gari la chini na kukodi pikapu au bodaboda kwa kilomita chache za mwisho, siku zile chache za mvua kubwa.

Kwa wafanyabiashara wengi wa njia za lami, daftari litasema gari la chini. Kwa wachache wanaofuata mazao mashambani, litasema vinginevyo. Hatari iko kwa yule anayenunua kwa kumwangalia jirani, kisha akarudi mpakani na gari kubwa na mzigo mdogo kuliko wa mwaka uliopita.