Miche yetu ilikufa na kiu ndani ya maji



Mwaka jana, mwezi wa kumi, siku ya salongo, tulipanda miche 40 ya michungwa na miavoka nyuma ya madarasa. Leo iko 6 tu. Tangu hapo tunasikia maneno mengi. Wengine wanasema udongo wa pale ni mubaya. Wengine wanasema wale wa interna walikuwa wavivu wa kumwagilia. Kuko hata wanaosema mtu alipaloga. Sisi wa mwaka wa tatu tunakataa hayo yote. Maji ilimwagwa asubuhi na jioni, kila mtu aliona matope. Miche ilikufa na kiu, nayo imesimama ndani ya maji. Namna gani?

Jani liko na matundu madogo sana, mengi yako upande wa chini, jicho haliwezi kuyaona. Mwangaza ukifika yanafunguka ili hewa iingie, maana mti unatengeneza chakula chake kwa hewa ile. Lakini mlango ukifunguka, maji nayo inatoka kama mvuke. Ile inayotoka juu inavuta ingine nyuma yake, ndani ya mishipa myembamba ya shina, mpaka kwenye mizizi. Chini hakuna pampu. Katika sehemu 100 za maji ambayo mizizi inakunywa, zaidi ya 90 zinarudi hewani. Asiyeamini afunge saché ya plastiki kwenye tawi la mwembe saa nne ya asubuhi. Saa sita ataona matone ndani.

Jambo hili si jipya. Stephen Hales, mchungaji wa Uingereza, alipima alizeti ndani ya chungu kilichofunikwa vizuri, akaandika katika kitabu chake cha 1727 kwamba mmea ule mmoja ulipoteza zaidi ya nusu kilo ya maji kwa mchana mmoja.

Sasa mukumbuke siku ile. Tuling'oa miche kwenye pepinyeri saa mbili, tukakung'uta udongo ili iwe nyepesi kubeba, tukailaza juani mpaka saa sita, wakati mashimo yalipokwisha. Vile vinyweleo vya mizizi vinavyokunywa maji vilikatika na kukauka. Juu, majani yote yalikuwa yangali yanatoa maji. Ni kama nyumba ya watu kumi wanaokula, na mmoja tu anayelima. Hata ukimwaga ndoo ngapi, kinywa hakiko.

Miti ya miombo ya hapa kwetu Kamina inatushinda akili. Kiangazi kikikaza, mingi inaangusha majani. Watu wanasema imekufa, kumbe imefunga milango. Karibu na mwezi wa tisa, mvua haijanyesha, inatoa majani mapya mekundu, kwa maji iliyochunga ndani ya shina na ile ambayo mizizi inavuta chini sana.

Kwa hiyo tunaomba Bwana Prefe na wakubwa wa salongo: mwaka huu tupande saa kumi ya jioni, wakati mvua imekwisha kuzoea kunyesha. Kila muche utoke na udongo wake. Nusu ya majani ikatwe. Siku za kwanza tuweke kivuli cha nyasi. Tunajua saa kumi ni saa ya mpira, na sisi wenyewe tuko wachezaji. Lakini jioni moja bila mpira si kitu mbele ya mti ambao wadogo zetu watakula matunda yake.

Neno la mwisho. Ile miche 6 tulikwenda kuiangalia. Yote iko karibu na ukuta, pale kivuli kinafika tangu saa sita. Udongo ni ule ule, maji ni ile ile, na wa kumwagilia walikuwa wale wale wa interna. Basi tuache kuwasema vibaya.

Ni sisi, wanafunzi wa mwaka wa tatu.