Lori likikwama, sogeza watu kwanza

Mvua zilizoanza Agosti zimekuja wakati mahindi ya msimu wa kwanza bado yamo kwenye magunia. Kama unaishi Kyangwali, unajua kinachofuata. Lori la mfanyabiashara linaingia kijijini likiwa tupu, linatoka likiwa limejaa pomoni, na kwenye bonde la kwanza linazama hadi ekseli. Baada ya dakika kumi kuna watu hamsini pale. Vijana wamekuja na majembe, mtu ameleta kamba, boda boda zinatafuta pa kupita, mama mmoja ameshatandika ndizi zake za kuuza, na watoto wako mbele ya wote.

Ubovu wa barabara tumeuandika sana na tutauandika tena. Leo tuzungumze juu ya hao watu hamsini. Gari likizama kwenye tope polepole, kwa kawaida halimuumizi mtu. Watu huumia wakati wa kulikwamua, na mara nyingi anayeumia si dereva. Ni yule aliyekuja kusaidia, au aliyekuja kuangalia tu.

Msimu uliopita nilikuwa abiria kwenye gari lililonasa hivyo. Pikapu ilikuja kutuvuta, na kamba ikafungwa kwenye kile kichwa cha chuma cha kufungia tela. Mara ya tatu kilikatika. Kipande kiliruka juu ya vichwa vyetu kikatoboa bati la kibanda cha kuchajia simu. Mwenye kibanda alikuwa ametoka nje kututazama, ndiyo maana yuko hai. Baada ya muda mfupi kamba ikafungwa upya, na watu wakasimama palepale. Mimi nami nilinyamaza, kwa sababu tulikuwa tumechelewa mkutano.

Fikiria manati. Mpira ukivutwa unaweka nguvu, ukiachiliwa nguvu yote inaondoka na jiwe. Kamba inayovuta lori lenye tani kadhaa ni mpira wa manati, na tope linalong'ang'ania magurudumu huongeza mzigo juu ya uzito wenyewe. Kitu dhaifu kuliko vyote ndicho kinachokatika: ndoano, fundo, bampa au kichwa cha tela, ambacho kimetengenezwa kukokota tela na si kuhimili mshtuko. Kwa hiyo kamba ifungwe kwenye tundu au ndoano ya kuvutia iliyoshikamana na chasisi. Mnyororo uliochakaa usitumike, na waya wa chuma ulioanza kuchanua nyuzi usishikwe kwa mikono mitupu. Tupa magunia mawili yaliyolowa au blanketi zito katikati ya kamba. Ikikatika, uzito huo utaipunguza kasi. Dereva wa gari linalovuta aanze taratibu. Wale wanaorudi nyuma na kuja kwa kishindo ili "kuling'oa" ndio wanaozikata kamba.

Halafu watu wasogee. Kipimo rahisi ni urefu wa kamba mara moja na nusu, kila upande. Kamba ikiwa mita 10, hakuna mtu ndani ya mita 15, isipokuwa madereva wakiwa wamefunga mikanda. Hakuna wa kuiruka kamba iliyokazwa, hakuna wa kukaa juu ya mzigo. Najua ni vigumu kuwaambia watu hivyo katika barabara ambayo ndiyo njia yao ya sokoni. Lakini ukishindwa kuwasogeza, usivute.

Kusukuma nako kuna hatari zake. Lori lililopakia likirudi nyuma hatua moja tu, anayelisukuma kwa nyuma hana pa kukimbilia. Mbao na mawe yanayowekwa chini ya tairi hurushwa tairi linapozunguka. Jeki juu ya tope huzama upande mmoja, na anayechimba chini ya gari hulaliwa nalo. Wafanyabiashara hawapendi kusikia hili, lakini dawa bora ni kushusha magunia. Inachukua saa mbili, inagharimu malipo ya wapakuaji, na mara nyingi lori hutoka bila kamba ya mtu yeyote.

Kyangwali tuna ugumu mwingine ambao sijauona kwenye mwongozo wowote. Penye lori moja utasikia Kiswahili, Kialur, Kihema, Kinyabwisha na Kinyoro, na kila mtu ana amri yake. Mmoja anapaza sauti "simama", dereva anasikia "vuta". Achaguliwe mtu mmoja tu, asimame mahali ambapo madereva wote wawili wanamwona, na aongoze kwa mikono. Mikono miwili juu ni kusimama, kwa lugha zote. Mtu yeyote akiiinua, hata mtoto, kazi isimame.

Sasa pesa. Vijana hawaingii matopeni kwa kupenda michezo. Mgao wa chakula umepunguzwa, na elfu mbili ya kusukuma lori ni chakula cha jioni. Siwezi kumwambia kijana aikatae. Ninachomwambia ni kwamba akivunjika mguu pale, mara nyingi dereva huondoka na kijana akabaki na mguu wake. Sheria ya Uganda inalazimisha kila gari liwe na bima ya kufidia watu wengine wanaoumizwa nalo, lakini fidia yake ni ndogo na hupatikana kwa shida, tena bila namba ya gari na taarifa ya polisi haianzi kabisa. Kabla ya kushika jembe, piga picha ya namba ya gari, na patana bei mbele ya mwenyekiti wa kijiji au mjumbe wa kamati ya wakimbizi. Na sisi wa mashirika hatuna pa kujificha: magari yetu pia hukwamuliwa na vijana haohao, na gari linalotumwa kwenye barabara hizi bila kamba nzuri na koleo limewaachia wenyeji na wakimbizi hatari yake.

Gari likibaki barabarani usiku, yale matawi mnayoweka hayaonekani mpaka mtu amefika. Mwezi Mei 2018, huko Kiryandongo, basi liligonga trekta lisilo na taa na watu zaidi ya 20 wakafa. Dereva awe na pembetatu zinazoakisi mwanga, aziweke mbali, mbele na nyuma. Na injini ikizimika kabisa, lori lisikokotwe kwa kamba kwenye mteremko: usukani unakuwa mzito, breki za upepo hazina upepo, na likianza kuserereka litamfuata anayelivuta. Hapo panahitajika chuma kigumu cha kuvutia na fundi anayejua.

Lori la mafuta likipinduka, sahau yote niliyosema juu ya kamba. Ninyi mliotoka Uvira na bonde la Ruzizi mnaikumbuka Sange, tarehe 2 Julai 2010, ambapo zaidi ya watu 230 walikufa, wengine wakiwa ndani wanatazama Kombe la Dunia. Namungoona, Kampala, Juni 2013, walikufa zaidi ya 30. Kigogwa, Oktoba 2024, moto uliwakuta watu wakichota. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini bila kuonekana mpaka ukute injini ya boda boda au jiko la mkaa. Zimeni mioto, ondokeni upande upepo unakotoka, na mkiwa mbali pigeni 999 au 112.

Mkutano wa kijiji ujao, ulizeni mambo matatu: nani ataongoza kwa mikono lori likinasa, nani atawashika watoto, na ile kamba ya bluu iliyofungwa mafundo manne bado inatunzwa nyumbani kwa nani.