Vali Bandia ya Moyo: Kupona Pekee Hakutoshi

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huu unawafaa wagonjwa wanaowekewa vali bandia za moyo. Aghalabu ufanisi wa upasuaji hupimwa kwa swali moja: je, mgonjwa amenusurika? Iwapo ataweza kupanda mlima au kulima shamba lake miaka kumi baadaye ni swali linalosahaulika. Ni sharti maswali haya mawili yaulizwe pamoja, tena kabla ya upasuaji.

Mnamo mwaka wa 1978, daktari Shahbudin Rahimtoola alibainisha tatizo la vali isiyolingana na mwili wa mgonjwa. Vali yaweza kuwa nzima, ikafunguka na kujifunga barabara, ilhali mlango wake ni mdogo kuliko mahitaji ya mwili. Kwa vali ya aota, wataalamu hugawa eneo la mlango huo kwa eneo la mwili, linalokadiriwa kutokana na kimo na uzito. Kwa mtu asiye mnene kupita kiasi, jawabu lisilozidi 0.85 huashiria upungufu, lisilozidi 0.65, upungufu mkubwa. Chukua vali yenye mlango wa sentimita mraba 1.2. Kwa mwenye mwili wa mita mraba 1.3, jawabu ni 0.92, kwa mwenye mita mraba 1.8, ni 0.67. Vali ni ile ile, lakini mmoja imemtosha na mwingine imembana.

Mgonjwa akiwa ameketi, huenda asihisi lolote. Kasoro hudhihirika anapojikakamua. Mtiririko wa damu ukiongezeka maradufu, tofauti ya shinikizo kwenye vali huongezeka takriban mara nne. Moyo hutaabika na pumzi huweza kukatika mapema.

Wapo watakaodai kwamba umri, mapafu na misuli pia huamua nguvu za mtu. Ni kweli, lakini hayo hayaondoi wajibu wa kupima. Wengine watasema kuwa daktari hana budi kufuata udogo wa mshipa. La hasha! Mbinu ya kuupanua kwa kiraka inajulikana tangu mwaka wa 1970. Kwa kuwa hurefusha upasuaji, faida na hatari zake zipimwe kwa kila mgonjwa.

Nchini Kenya suala hili ni nyeti zaidi, kwani homa ya baridi yabisi huharibu vali za watoto na vijana. Mtoto hukua, vali bandia haikui. Basi mzazi aelezwe vipimo hivyo kwa lugha anayoielewa, kabla ya kutia sahihi.