Kosa si moja katika kila mchezo



Mwezi uliopita, katika mkutano wetu, mmoja wetu alituletea shida ya binti yake wa miaka 14. Binti huyo anacheza basketi ku masomo. Jumamosi moja alirudi nyumbani macho mekundu, na mdogo wake akatangulia kutoa habari: "Mama, wamemtoa uwanjani sababu ya makosa!" Mama hakuuliza zaidi. Yeye anajua mpira wa miguu tu, na huko anayetolewa kwa kosa mara nyingi ni yule aliyemuumiza mwenzake au aliyemtukana mwamuzi. Binti akapigwa, na mama akakata neno: basketi imekwisha.

Tulinyamaza kidogo. Kisha mama mwingine, aliyecheza basketi akiwa msichana, akauliza: "Alihesabiwa makosa mangapi?" "Matano." "Basi mtoto wako hakufanya jambo la haya. Alimaliza tu hesabu yake."

Wengi wetu hatukuelewa. Kwa hiyo juma hili tuongee juu ya neno hilo ambalo watoto wetu wanalileta nyumbani kila siku: kosa, au kama vijana wanavyosema, foti. Neno ni lile lile katika michezo yote, lakini uzito wake haulingani. Sokoni tunalijua jambo hili: kila muuzaji anasema "kipimo", lakini kipimo cha huyu si kipimo cha yule.

Katika mpira wa miguu, makosa ya mchezaji hayana hesabu maalumu. Kosa dogo linawapa wapinzani mpira wa adhabu, na mchezo unaendelea. Kosa baya linaleta kadi ya njano, na anayerudia makosa mara kwa mara anaweza kuipata pia. Kadi mbili za njano ni nyekundu. Mwenye nyekundu anatoka, na wenzake wanabaki pungufu. Kadi hizo zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 kule Mexico. Wazo lilitoka kwa mwamuzi Mwingereza, Ken Aston, aliyeziona taa za barabarani. Alitaka kila mchezaji aelewe, hata kama hajui luga ya mwamuzi.

Katika basketi, kugusa mkono wa anayerusha mpira ni kosa. Kumsukuma kidogo ni kosa pia. Kwa sheria za kimataifa, mchezaji akifikisha matano anatoka, mwenzake anaingia mahali pake, naye anaruhusiwa kukaa kwenye benchi pamoja na ekipe yake. Anayekaba kwa bidii anakuwa karibu na hesabu hiyo kila siku. Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa aliyejenga hospitali huko na kuipa jina la mama yake, alijulikana Marekani kwa kuzuia mipira. Mkono ukigusa mpira peke yake, watu wanashangilia. Ukichelewa kidogo na kugusa mkono wa mpinzani, ni foti. Hata yeye alihesabiwa nyingi.

Katika handiboli, kosa kubwa linaweza kumtoa mchezaji kwa dakika 2. Wenzake wanacheza pungufu, kisha anarudi. Akitolewa hivyo mara ya tatu, harudi tena. Katika voleboli, mtu anaweza kufanya kosa bila kumgusa mtu yeyote: kukanyaga mstari wakati wa kuanzisha mpira, au kuupiga mara mbili mfululizo. Wapinzani wanapata pointi moja, basi. Hakuna anayetolewa.

Hata mkono na mguu vinabadilisha maana. Katika mpira wa miguu, kuushika mpira kwa mkono ni kosa, isipokuwa kwa golikipa ndani ya eneo lake. Katika basketi, kuupiga teke kwa kusudi ndiyo kosa.

Hatusemi kwamba makosa yote ni mepesi. Katika basketi pia, anayepiga mtu ngumi anafukuzwa kabisa, na hapo mzazi ana neno la kusema. Lakini lazima kwanza tujue ni kosa gani.

Tulipomaliza kuzungumza, tuliona kwamba michezo hii yote inatushinda sisi wazazi kwa mambo matatu. Sheria inajulikana kabla ya mchezo kuanza. Adhabu ina kipimo. Na ikiisha, imeisha: katika basketi, kwa mfano, mchezo unaofuata mtoto anaanza na hesabu mpya. Kwetu nyumbani, je? Aliyevunja sahani, aliyesema uongo na aliyechelewa kisimani, wote wanapata fimbo ile ile. Na kosa la mwaka jana tunalitaja tena leo mbele ya wageni.

Basi tunapendekeza maswali matatu kabla ya mkono kuinuka. Ni kosa gani? Mtoto alijua kwamba ni kosa? Adhabu hii inalingana nalo? Wenye watoto wanaocheza, waombeni wawafundishe sheria za mchezo wao. Mtoto anafurahi sana kumfundisha mama yake kitu. Vikundi vyetu pia vinaweza kujaribu: andikeni sheria tano za nyumbani pamoja na watoto, na adhabu ya kila moja, kabla kosa halijatokea.

Yule mama mwenzetu alirudi nyumbani akamuomba binti yake msamaha. Wengi wetu hatukufundishwa kuomba msamaha kwa mtoto, naye alituambia kwamba ilikuwa kazi nguvu. Jumamosi iliyofuata alikwenda uwanjani, akakaa kando na kitambaa chake, akihesabu foti za binti yake kwa vidole. Ilipofika ya nne, alikificha kidole cha tano ndani ya kiganja na kukishika hadi mwisho wa mchezo.

Binti hakutolewa. Ekipe yake ilishindwa, lakini walirudi nyumbani pamoja wakiongea njia nzima.