TAHARIRI: Anayesoma na Anayedhani Amesoma

Kila unapokaribia msimu wa mitihani ya vyuo vikuu, taa za mabweni huwaka hadi alfajiri. Vijana huinamia madesa yao, wakayapitia mara ya tatu na ya nne, huku wakipiga mistari ya rangi chini ya kila sentensi. Wazazi wakisikia habari hiyo hufurahi na kusema: kijana wetu anasoma. Sisi hatuna shaka na jitihada hiyo. Tunachokitilia shaka ni natija yake, na katika toleo hili tumeona ni wajibu kulisema jambo hili waziwazi.

Elimu ya nafsi, au saikolojia kama inavyojulikana vyuoni, imechunguza kuhifadhi na kusahau kwa mwanadamu kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alihifadhi silabi zisizo na maana, kisha akapima ni kiasi gani kimebaki baada ya muda. Akabainisha kwamba sehemu kubwa ya kilichohifadhiwa hupotea mapema, katika saa na siku za mwanzo, na kwamba kurudia kulikogawanywa katika siku kadhaa kuna faida kuliko kurudia kulikorundikwa katika kikao kimoja.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu makala fupi. Kundi moja liliisoma mara nne. Kundi jingine liliisoma mara moja tu, kisha likaifunika na kuandika mara tatu kila lilichokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 83, na wenzao asilimia 71. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40, na waliojipima walikuwa na asilimia 61. La ajabu zaidi, kabla ya kupimwa ni wale waliorudia kusoma ndio waliokuwa na yakini kubwa kwamba hawatasahau.

Msomaji atadhani kwamba baada ya kujulikana haya wanafunzi watakuwa wamebadilika. Haikuwa hivyo. Mwaka 2009 Karpicke na wenzake walichapisha majibu ya wanafunzi 177 wa chuo kikuu waliowauliza namna wanavyojisomea. Takriban asilimia 84 walitaja kurudia kusoma maandishi yao. Waliotaja kujipima bila kutazama ni kama asilimia 11 tu.

Hapa ndipo lilipo tatizo tunalotaka kulizungumzia. Mambo haya hayakufichwa. Yamo katika vitabu vya saikolojia, na hapa kwetu kila anayeandaliwa kuwa mwalimu hupita katika somo la saikolojia ya elimu. Mwanafunzi anaweza kulijibu vizuri swali juu ya Ebbinghaus, akapata alama zote, na jibu lenyewe akawa amelirundika kichwani usiku mmoja, kinyume kabisa na alichokigundua Ebbinghaus. Elimu imeingia katika karatasi ya mtihani, haikuingia katika mwenendo wa mwenye kuibeba.

Kwa nini akili ya kijana inaikataa elimu inayomfaa yeye mwenyewe? Tunaona sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba kurudia kusoma kunampa mtu raha. Maneno aliyokwishayaona humpitia kwa wepesi, na wepesi huo akaudhani ni ujuzi. Kumbe kulitambua jambo ukilitazama si sawa na kulijua usipolitazama.

Ya pili ni kwamba kujipima kunafedhehesha. Anayefunga daftari na kujiuliza hukutana uso kwa uso na ujinga wake, na nafsi haipendi kukutana naye. Basi huzitafutia nyudhuru. Mmoja husema: mimi ni mtu wa kusikia, mwingine ni mtu wa kuona, kila mtu na njia yake. Hata dai hili limechunguzwa. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwapo, wakaona hakuna ushahidi wa kutosha wa kuwafundisha watu kwa kuwagawa katika makundi hayo.

Ya tatu, na ni insafu kuitaja, ni kwamba kurundika kunalipa kwa muda mfupi. Tazameni tena zile dakika tano: waliorudia kusoma ndio walioshinda. Kijana anayekesha kwa ajili ya mtihani wa asubuhi si mpumbavu. Anapima kwa kipimo kifupi alichopewa. Lakini mgonjwa hatafika kwa tabibu asubuhi ya mtihani. Atafika miaka kadhaa baadaye. Mtoto naye atamuuliza mwalimu wake swali wakati madesa yamekwishatupwa zamani. Hasara ya elimu ya usiku mmoja hailipwi na aliyekesha peke yake.

Waliopita katika vyuo vyetu vya Qur'ani wanaifahamu njia hii tangu utoto, ingawa hawakuiita saikolojia. Mtoto haaminiwi kwa kauli yake kwamba amehifadhi. Hufunga msahafu, akasimama mbele ya mwalimu, akasoma kwa moyo. Akikwama hurudishwa, na sura ya zamani huulizwa pamoja na mpya. Ni ajabu kwamba kijana huyohuyo akifika chuo kikuu huiacha desturi hiyo mlangoni.

Hatusemi kwamba elimu yote ni kuhifadhi. Anayesoma sheria, uhasibu au uuguzi anatakiwa afahamu sababu na aweze kupambanua. Lakini hilo nalo hupimwa vivyo hivyo: funga kitabu, ueleze kwa maneno yako kwa nini jambo liko hivi na si vile.

Kwa hiyo tunawausia wanafunzi: kila baada ya mhadhara, fungeni madaftari mkaandike mnachokikumbuka, kisha mfungue mjisahihishe. Rudieni kesho, na wiki ijayo, na mwezi ujao. Wahadhiri tunawaomba watoe majaribio mafupi ya mara kwa mara, yasiyo ya kutisha, na waulize ya mwezi uliopita pamoja na ya leo. Wazazi waache kuuliza "umesoma?" Waulize "umesoma nini, hebu nieleze". Mzazi asiyejua somo lenyewe pia anaweza kuuliza hivyo, na kigugumizi cha kijana kitamjulisha mengi. Na misikiti yetu ina nafasi na mikeka. Baada ya Isha wanafunzi wakae wawili wawili waulizane, vitabu vikiwa vimefungwa.

Ada inalipwa kwa jasho, na mkopo wa Serikali ni deni litakalodaiwa. Kijana anayefunga daftari leo akajikuta hajui amepata nafasi ya kujua. Anayeogopa kulifunga ataligundua hilo siku ambayo mwenye kuhitaji elimu yake amekwisha kaa mbele yake.

Wabillahi tawfiq.