Kabla utume pesa ya Hell's Gate, uliza swali moja

Hapa Satellite kila grupu ya WhatsApp ina bango la safari ya Hell's Gate: matatu, baiskeli, nyama choma, tuma M-Pesa mapema viti visiishe. Poa. Kupita na baiskeli kando ya pundamilia ni raha ambayo msee wa Kawangware haipati kila wikendi.

Lakini bango halitaji hatari ya korongo la Ol Njorowa, kule tunakoshuka kupiga picha. Aprili 2012, vijana saba wa kanisa walisombwa na maji humo wakafa. Septemba 2019, watu wengine saba, akiwemo mwelekezi.

Mvua si lazima ikunyeshee wewe. Inanyesha huko juu, maji yanakusanyika, kisha yanaingia korongoni ghafla. Wewe uko chini, kuta pande zote mbili, na pa kupandia ni pachache.

KWS ilifunga korongo baada ya mkasa wa 2019. Sawa, lakini anayechagua tarehe ya safari ni mwandalizi. Akishalipia matatu, hataki kuahirisha. Na wewe ukishachanga, hutaki kuonekana mwoga. Hivyo ndivyo watu hushuka na mawingu wanayaona.

Basi muulize kabla hujatuma: mvua ikinyesha, tunabadilisha siku ama pesa inarudi? Akizungusha maneno, kaa na pesa yako. Na mkifika mkute mawingu yametanda, endesheni baiskeli huko juu mrudi nyumbani. Korongo haliendi popote.