TUSIKUBALI PANGABOI LA INCHI 15

Ndugu wanaushirika,

Habari zimeenea kwamba wajumbe wetu waliopanda Njombe na Makambako wiki iliyopita wamerudi na bei ya pangaboi jipya la mashine ya boti. La chuma cha pua, linang'aa kama kioo, hatua inchi 15. Muuzaji kawaambia eti hilo ndilo la kasi na watu wa Dar es Salaam wanaligombania. Fedha bado haijatoka. Isitoke!

Wenye hoja hii wanasema boti yetu ni nzito, inatambaa, kwa hiyo tuipe pangaboi la kasi. Hoja imesimama kichwa chini. Hebu tueleweshane. Pangaboi lina namba mbili. Ya kwanza ni upana wa duara lake. Ya pili ni hatua, yaani umbali ambao lingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama lingekuwa linapenya kitu kigumu, vile skrubu inavyoingia kwenye ubao. Hatua ndefu ni gia kubwa. Lori la mbolea likitoka Dar es Salaam, likifika Kitonga, dereva anafanya nini? Anashusha gia. Asiposhusha, injini inalia, inatoa moshi mweusi na lori linasimama. Sasa sisi boti imejaa usipa, magunia ya mihogo na abiria wa kwenda Lupingu, halafu tunaambiwa tupandishe gia!

Twende kwenye hesabu. Mashine yetu ni ya farasi 40. Kitabu chake kinataka, mafuta yakiwa yamefunguliwa yote, izunguke mara 4,500 hadi 5,500 kwa dakika. Fundi alipima boti ikiwa na mzigo, akapata 4,300. Pangaboi la sasa ni la hatua 13. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila inchi moja ya hatua hubadilisha mizunguko kiasi cha 150 hadi 200: hatua ikirefuka mizunguko inashuka, ikifupishwa inapanda. Basi ukinunua la 15 tunashuka hadi 3,900 au 4,000. Ukinunua la 11 tunapanda hadi 4,600 au 4,700, ndani ya kitabu. Hesabu hii tuliifanya ubaoni kwenye kisomo, na akina mama waliimaliza kabla sijaweka chaki chini. Kamati ya ununuzi imeshindwa nini?

Mashine inayozidiwa haiendi mbali. Inakunywa petroli, inapata joto, mwisho bastola zinakwama. Na zikikwama mwezi wa Julai, upepo wa kusini unavuma na ndani kuna mama mjamzito anayepelekwa hospitali, muuzaji wa Makambako atakuja kupiga kasia?

Hiyo habari ya Dar es Salaam nayo ituache. Kule ni usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko karibu mita 475 juu yake, hewa ni nyepesi kidogo, na nguvu ya mashine inapungua kidogo. Hiyo ni sababu nyingine ya kufupisha hatua, siyo kurefusha.

Na kung'aa je? Ufuko wetu ni mawe matupu. Pangaboi la aluminiamu likigonga jiwe linapinda, fundi analinyoosha au tunanunua jingine. La chuma cha pua ni gumu, halipindi kwa urahisi, na pigo lina hatari zaidi ya kuishia kwenye gia. Gia ndiyo ghali, ndugu zangu.

Sisemi la hatua 11 halina masharti. Boti ikiwa tupu mashine inaweza kuzidisha mizunguko, kwa hiyo nahodha asifungue mafuta yote. Vijana wanaopenda mashindano ya kwenda Manda na boti tupu wasikie hapo.

Mkutano ni Jumamosi saa 4 asubuhi, ghalani. Kamati ije na kitabu cha mashine na ile karatasi ya bei. Pendekezo langu: tununue la aluminiamu, hatua 11, upana usiopungua wa sasa, na kabla ya kulipa yahesabiwe meno ya kitovu yalingane na shafti yetu. La zamani linyooshwe, likae botini kuwa akiba, pamoja na spana yake.

Katibu wa Tawi